Krismasi Dar es Salaam na mtoto wa miaka miwili: namna ya kuipanga safari kutoka Dodoma

Tangu tujaliwe mtoto, tumekwenda Dar es Salaam mara tatu kula Krismasi na ndugu. Mara ya kwanza alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane. Tulirudi Dodoma tumechoka kuliko tulivyoondoka: mtoto kajaa harara shingoni na mgongoni, usingizi wake umevurugika, na nusu ya ndugu wamenuna kwa kuwa hatukufika kwao. Mwaka uliofuata tulibadilisha jambo moja tu, na safari ikawa tamu. Tuliacha kuanza na orodha ya ndugu na mahali pa kutembea. Tulianza na saa ambayo mtoto hulala mchana, mengine yote yakapangwa kuizunguka saa hiyo.

Mwongozo huu nimeuandika kwa mzazi wa bara anayeshuka Dar mwezi wa Desemba na mtoto wa kati ya mwaka mmoja na mitatu. Umri huo ndio mgumu. Mtoto anatembea lakini hajui hatari, anakula lakini si kila kitu, na akikosa usingizi nyumba nzima hailali.

Hatua ya 1: Andika saa za mtoto (Novemba)

Chukua siku tatu za kawaida, uandike anaamka saa ngapi, anakula saa ngapi, analala mchana kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Wetu aliamka saa 12 na nusu asubuhi, akalala saa 6 na nusu mchana mpaka karibu saa 9.

Sasa weka saa hizo juu ya hali ya hewa ya Dar. Desemba mchana joto hupanda mpaka nyuzi 31 au 32, na lina unyevu. Sisi wa Dodoma tumezoea jua kali lakini kavu, na usiku tunavuta shuka. Dar usiku haupoi hivyo, jasho linakaa mwilini, na mtoto hajui kusema kwamba anaumwa na joto. Analia tu. Kwa hiyo kuanzia saa 5 asubuhi mpaka saa 10 jioni asiwe nje.

Hapo unabaki na vipindi viwili: saa 1 mpaka saa 5 asubuhi, na saa 10 mpaka jua linapozama, baada ya saa 12 na nusu. Kwa siku moja tumia kipindi kimoja kwa jambo kubwa, yaani kutembelea ndugu, kwenda ufukweni au kanisani. Kipindi cha pili mwache acheze hapo mlipofikia. Ukijaza vyote viwili siku ya kwanza, siku ya pili atakulipisha.

Hatua ya 2: Tiketi, tena ya kwenda na kurudi kwa pamoja

Tangu treni ya SGR ianze safari kati ya Dar na Dodoma mwezi wa Julai 2024, sioni sababu ya kumpandisha mtoto mdogo basi ikiwa tiketi ya treni inapatikana. Basi linakula saa nane hivi barabarani, na nepi utaibadilisha pale dereva atakapopenda kusimama. Treni inachukua kati ya saa tatu na nusu na nne, ina choo, na mtoto anaweza kutembea kidogo kwenye ujia akishikwa mkono. Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa ilipoanza ilikuwa shilingi 31,000 kwa mtu mzima. Mtoto wa chini ya miaka 4 halipi, wa miaka 4 mpaka 12 analipa nusu.

Kutolipa maana yake hana kiti. Atakaa mapajani mwenu kwa zamu, na mtoto wa kilo 12 mapajani kwa saa nne si mchezo. Chagueni viti viwili vilivyo pamoja, kimoja cha dirishani. Ukipata treni inayoondoka karibu na saa yake ya kulala, ichukue hiyo. Ile inayofika usiku iache hata kama nafasi zipo, kwa sababu kutafuta usafiri wa mjini na mtoto aliyelala begani, mabegi matatu na simu inayozima ni adhabu.

Kuhusu tarehe: kabla ya Krismasi umati mkubwa unatoka Dar kwenda mikoani. Kaskazini ndiko zaidi, maana Mchaga kukosa kufika Moshi sikukuu ni habari ya kujadiliwa ukoo mzima. Wewe unayeingia Dar tarehe 21 au 22 unakwenda kinyume na umati, na hiyo ni nafuu. Kazi iko kwenye kurudi. Siku za kwanza za Januari watumishi wote waliokuja Dar kwa sikukuu wanarudi Dodoma. Ndiyo maana nasema tiketi za kwenda na kurudi zinunuliwe siku moja. Sisi hurudi tarehe 28 au 29, kabla ya mwaka mpya, na hatujajuta.

Ndani ya treni kuna kiyoyozi. Mvalishe sweta na soksi, na chini yake fulana nyepesi. Mkikaribia Pugu mvue sweta, kwa sababu mkishuka tu joto linawapokea mlangoni.

Hatua ya 3: Mahali pa kulala

Hapa ndipo tulipoumia mara ya kwanza. Tulikuwa tumezungumza na gesti moja kwa simu, tukatuma nusu ya pesa, tukafika saa 2 usiku na kukuta chumba wamepewa wengine. Tulichopewa badala yake kilikuwa ghorofa ya tatu, feni inazunguka kama inayoomba ruhusa, na dirisha halina wavu. Usiku ule tulikesha tukimpepea mtoto kwa kipande cha boksi.

Siku hizi napiga simu mara mbili: siku ya kulipia, na tena siku moja kabla ya kuondoka. Nauliza maswali haya, na ninasikiliza anavyojibu:

- Chumba kiko chini au ghorofani, na ngazi zina kizuizi?
- Feni inafanya kazi? Nitumie video yake ikizunguka.
- Chandarua kipo, kizima?
- Maji yanatoka bombani muda wote au ni ya ndoo?
- Umeme wa LUKU (wa kulipia kabla) ukiisha usiku nani ananunua?
- Kuna mahali naweza kuchemsha maji na kupika uji?

Swali la mwisho ndilo linalochuja. Mahali watakapokukubalia kupika uji saa 1 asubuhi ni mahali wanapoelewa watoto.

Ukifikia kwa ndugu, uliza vilevile, ila kwa adabu yake. Sisi tunafikia kwa baba mdogo Tabata. Nilimwambia mama mdogo, mke wake, "Mama mdogo, mtoto wetu anasumbuliwa sana na joto, naomba tulale chumba chenye upepo hata kama ni kidogo." Hakuona vibaya. Alifurahi kuambiwa mapema kuliko kugundua usiku. Fika na mchango wako wa jikoni pia: mchele, mafuta, sukari, na pesa ya LUKU. Feni ikizunguka usiku kucha kwa ajili ya mwanao, uniti ni za mwenye nyumba.

Hatua ya 4: Ndugu wapangwe kwa barabara

Hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Dar ndugu wanatawanyika, na kila mmoja anaamini kwake ni karibu. Chukua karatasi, chora barabara kuu kama vidole vya mkono vinavyotoka mjini. Barabara ya Morogoro inakwenda Ubungo, Kimara, Mbezi mpaka Kibamba. Ya Bagamoyo inapita Mwenge, Tegeta, Bunju. Ya Nyerere inakupeleka Ukonga, Gongo la Mboto na Pugu. Ya Kilwa inakwenda Mtoni na Mbagala. Kigamboni iko peke yake ng'ambo ya maji. Andika kila ndugu kwenye kidole chake.

Kanuni yetu ni siku moja, barabara moja. Kutoka Bunju kwenda Mbagala siku ya foleni unaweza kukaa kwenye gari saa mbili na zaidi, na mtoto hajui kwamba mnakwenda kwa shangazi. Anachojua ni kwamba amefungwa kwenye gari lenye joto.

Kanuni ya pili: ndugu mmoja anatembelewa asubuhi, na mtoto analala mchana hukohuko. Msiondoke saa 6 "kuwahi kwingine". Ndugu anayeona mtoto amelala kitandani mwake hudhani ameheshimiwa, na kweli ameheshimiwa.

Waliobaki waalikwe mahali pamoja siku ya sikukuu. Mwambie kila mtu wiki mbili kabla, wewe mwenyewe, usisubiri asikie kwa wengine. Mama mkubwa wangu anakaa Mbagala na ana wivu wa mapenzi. Nilimwandikia hivi:

"Shikamoo mama mkubwa. Mungu akipenda tunaingia Dar tarehe 22. Tumepanga kuja kwako tarehe 23 asubuhi, mjukuu wako alale mchana hapohapo, tuondoke jioni. Siku nyingine hatutaweza kwa sababu ya mtoto. Sikukuu tutakuwa Tabata kwa baba mdogo, tunakuomba uje tule wote."

Akajibu: "Marahaba mwanangu. Njooni. Namtandikia chumba cha nyuma, kina upepo wa mnazi."

Mwaka wa kwanza, nilipokuwa nikisema "tutajitahidi kufika" kwa kila mtu, ndio mwaka walionuna. Kumpa mtu siku moja iliyo kamili ni bora kuliko kumpa ahadi ya "tutaona".

Hatua ya 5: Begi

Nguo za pamba, nyepesi, nyingi kuliko unavyofikiri, maana atabadilishwa mara tatu kwa siku. Kanga mbili: moja ya kumbebea, moja ya kutandika popote anapolala. Kigari cha kusukuma tulikibeba mara ya kwanza, hakikufaa. Mitaa mingi ina mchanga, mashimo na mitaro isiyo na mifuniko, na kanga mgongoni inapita kote.

Nepi beba za siku mbili tu, pampasi zimejaa kila duka Dar. Beba kofia, kandambili zenye mkanda wa nyuma, chupa yake ya maji aliyoizoea, unga wake wa uji kutoka nyumbani, na kitu kimoja anacholala nacho. Unga usiupuuze. Mtoto akiwa mahali pageni, tumbo likipata chakula kilekile cha kwao, mengine anayavumilia.

Kwenye mfuko mdogo unaokaa nawe weka kadi ya kliniki, kipimajoto, dawa ya maji ya kushusha homa ambayo mfamasia amekuonyesha kipimo kulingana na uzito wa mtoto, na paketi za ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji mtoto akiharisha. Na chandarua chake kidogo cha mwavuli, hata kama umeambiwa huko kipo.

Zawadi za Dodoma ni karanga, ubuyu, asali, mlenda mkavu. Kuku hai wa kienyeji usihangaike naye kwenye treni.

Hatua ya 6: Siku ya kufika ni ya kufika

Stesheni ya Magufuli, ambako treni inaishia, iko mjini kabisa, na kituo cha mabasi ya mwendokasi cha Gerezani hakiko mbali. Ukiwa na begi moja na mtoto mgongoni, nje ya saa za msongamano, mwendokasi unafaa. Kati ya saa 10 jioni na saa 2 usiku usijaribu, watu wanasimama kifua kwa kifua na mtoto yuko usawa wa viwiko. Chukua teksi au gari la kuitwa kwa simu, kaa naye kiti cha nyuma. Bajaji kwa mwendo mfupi sawa, mtoto akae katikati yenu. Bodaboda hapana, hata kama ni hapo tu.

Siku hiyo msimtembelee mtu. Mwogesheni, ale uji wake, alale. Wageni wakija kumwona, waje mpaka saa 1 jioni.

Hatua ya 7: Pa kumpeleka

Mtoto wa miaka miwili hahitaji jiji zima. Chagua mahali pawili, patatu basi.

Namba moja kwangu ni pantoni ya Kigamboni. Mtu wa bara anaweza kushangaa, lakini kwa mtoto asiyewahi kuona bahari, lile dude kubwa linalobeba magari na watu pamoja ni ajabu ya dunia. Mwendo wenyewe ni dakika chache. Nenda saa 3 au 4 asubuhi, umati wa wanaokwenda kazini ukishapita. Geti likifunguliwa watu hukimbilia mbele. Simama pembeni, waache wapite, ingia mwishoni mtoto akiwa mgongoni, si chini. Wetu alikaa kimya kabisa kuanzia Magogoni mpaka ng'ambo, mkono mmoja umeshika sikio langu, anatazama maji yanavyokatwa. Tuliposhuka akasema neno moja, "Tena." Tukarudi, na hiyo ndiyo ilikuwa safari ya siku ile.

Coco Beach nenda jioni kuanzia saa 10 na nusu, siku ya kawaida. Uliza kwanza maji yanapwa au yanajaa. Yakipwa kunabaki mchanga mpana wenye vidimbwi, na hapo ndipo anapocheza. Kandambili asivue, kuna makombe makali na vipande vya chupa. Mzazi mmoja awe kati ya mtoto na bahari muda wote, mihogo ya kukaanga italiwa kwa zamu. Tarehe 25 na 26 msije, ufuko hujaa kiasi kwamba mchanga hauonekani.

Kijiji cha Makumbusho, kwenye Barabara ya Bagamoyo, ni pazuri kwa sababu ni uwanja wenye miti na nyumba za asili za makabila, za msonge na za tembe, na mtoto anaruhusiwa kukimbia. Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ni ya wakubwa zaidi. Sisi tuliingia kwa zamu, mmoja ndani, mwingine na mtoto nje kivulini.

Kariakoo naomba unisikilize. Wiki ya kabla ya Krismasi usimpeleke mtoto mdogo. Sisi tulikwenda naye kutafuta viatu vya sikukuu. Nilikuwa nimemshika mimi, nikafungua mkoba kulipa, baba yake akainama kuokota fulana iliyoanguka, na kila mmoja akidhani mwenzake ndiye kamshika. Nilipogeuka sikumwona. Nakumbuka miguu tu, mamia ya miguu. Mama mmoja muuza maji akapiga kelele, "Wa nani huyu?" Alikuwa nyuma ya meza yake, kamshika mkono, mtoto anatazama chupa. Hata dakika mbili hazikufika, lakini nilikaa chini palepale, kwenye vumbi.

Tangu siku ile tuna desturi: anayempokea mtoto anasema kwa sauti "Ninaye," na kabla hajasema, wa kwanza haachii mkono. Kila asubuhi tunampiga picha na nguo alizovaa, na namba zetu mbili za simu tunaziandika kwa kalamu ndani ya fulana yake. Kariakoo anakwenda mzazi mmoja peke yake, saa 2 asubuhi.

Hatua ya 8: Mkesha na sikukuu yenyewe

Mkesha wa tarehe 24 unapendeza, lakini mtoto analala. Gawaneni: mmoja aende mkesha, mwingine abaki, halafu wote mwende ibada ya asubuhi tarehe 25. Ukitaka kanisa la kukumbuka, mjini mbele ya bandari kuna Azania Front la Walutheri, lililojengwa karibu na mwaka 1900, na Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph la Wakatoliki la wakati huohuo. Yote mawili hujaa. Fika mapema, kaa mwisho wa benchi karibu na mlango, ili akianza kulia utoke bila kupita magoti ya watu kumi.

Nyumbani, mtoto ale kabla ya wageni. Pilau ya sikukuu huiva saa 8 au 9, na mtoto hawezi kuisubiri. Mpikie wali wake laini na samaki saa 6, alale. Soda na keki wageni watampa tu, kwa hiyo teua mtu mmoja, kwetu ni bibi, ambaye ndiye pekee anayeruhusiwa kumpa kitu mdomoni. Wengine wakitaka kumpa, wanamkabidhi bibi. Hakuna anayebishana na bibi. Mwekee chumba kimoja kisicho na muziki, na spika ielekezwe uani.

Hatua ya 9: Afya, mkiwa huko na mkisharudi

Harara hutulia kwa kuoga maji ya kawaida mara mbili tatu kwa siku, kukaushwa vizuri kwenye mikunjo, na kukaa bila nguo nyingi. Poda usimwage, inaziba na anaivuta puani. Maji ya kunywa yachemshwe au yawe ya chupa, hata ya kusukutulia. Akiharisha, mpe ORS kidogokidogo kwa kijiko kama paketi inavyoelekeza, endelea kumnyonyesha au kumlisha. Akiwa mlegevu, halii machozi, au hakojoi, mpeleke hospitali bila kungoja asubuhi. Jua mapema iliyo karibu nawe. Amana iko Ilala, Mwananyamala upande wa Kinondoni, Temeke upande wa Mbagala.

Mbu wa Dar wanauma usiku, na wengine, wale wa homa ya dengi, wanauma mchana pia. Kwa hiyo hata usingizi wa saa 7 mchana ni ndani ya chandarua. Dodoma malaria si nyingi, na hapo ndipo tunapojisahau. Homa inaweza kuanza wiki moja, mbili au zaidi baada ya kurudi, wakati mabegi yameshapangwa kabatini na shule za wakubwa zimefunguliwa. Mtoto akipata joto mwezi wa Januari, mpeleke akapimwe siku hiyohiyo, na neno la kwanza kumwambia daktari liwe kwamba mlikuwa Dar.